Ntumba za Mjane

Siku tatu kabla ya baraza la ardhi kwenda kukagua shamba la mjane mmoja wa kijijini kwetu, shemeji yake alikuja kwangu mchana, akakaa kwenye kigoda kabla sijamkaribisha. Alikuwa amevusha bidhaa mpakani Kasesya kwa miaka mingi. Sasa alikuwa amerudi kijijini kudai shamba hilo, kwamba ni la marehemu kaka yake.

"Mama, wewe ni mtu wa vitabu," aliniambia kwa upole. "Lakini vitabu havizuii radi. Na mvua za mwaka huu zitakuwa kali."

Akashukuru kwa maji niliyompa, akaondoka.

Watu wa mbali hututania sisi wa Sumbawanga kwamba tunawatumia adui zetu radi, nasi hucheka. Mimi nimesoma radi ni nini na inatoka wapi. Lakini zamani niliwahi kuona nyumba iliyoungua, ambayo kijiji kizima kilisema imepigwa radi, na nyuma yake nikaona kidumu kinachonuka petroli. Sikumwambia mtu. Kwa hiyo nilimwelewa yule bwana. Niliandika maneno yake kwenye daftari, siku na saa, kisha nikatazama paa langu. Ni la nyasi.

Nilikuwa mmoja wa wanawake watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji. Sheria inataka hivyo. Mazoea yetu yalikuwa mengine: wanaume walijadiliana, mwishoni mwenyekiti akatugeukia na kuuliza, "Akina mama, mmesikia?" Tukajibu, "Tumesikia." Ikaandikwa kwamba tumekubali. Kwa miaka miwili nami nilijibu hivyo.

Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Kwenye semina moja mjini, Mazwi, nilipewa kijitabu kuhusu mkataba wa mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Nilikisoma mara nne, nikipigia mstari. Wanawake wa nchi ambazo nilihitaji ramani kuzijua walikuwa wamedai mali, urithi na sauti kwenye vikao. Nikaona kwamba mjane wetu alikuwa ameandikwa humo kabla hata hajaolewa. Nilikariri vifungu nitakavyosema.

Tulifika shambani asubuhi, mwezi wa Juni. Lilikuwa limejaa ntumba, vile vilima vya duara tunavyotengeneza kwa kufukia majani chini ya udongo ili yaoze, tupate mbolea ya ulezi. Kwetu aliyejenga ntumba ndiye atakayepanda.

"Nimezijenga mimi," alisema shemeji. "Huyu namwacha akae kwa huruma tu."

Mjane alikaza kanga kiunoni. "Huruma gani, shemeji? Jembe lenyewe ukipewa utalishika upande wa chuma."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akawanyamazisha, akaniangalia. "Akina mama, mmesikia?"

Wenzangu wawili walijibu. Mimi nilifungua mdomo na vifungu vyote vikapotea. Shemeji alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, akitabasamu. Kilichobaki kichwani ni swali ambalo mkulima yeyote angeuliza.

"Nimesikia, mwenyekiti, ila nina swali."

"Liwe fupi, mama."

"Ntumba hizi alizijenga lini?"

"Novemba," shemeji alijibu papo hapo. "Mvua zilipoanza tu."

Ntumba hujengwa Februari na Machi, majani yakiwa marefu na udongo umelowa. Novemba ndipo tunapozivunja na kuzisambaza.

"Novemba?" aliuliza mzee mmoja wa baraza. "Wenzako wanavunja, wewe unajenga?"

"Mwacheni," alisema mwingine. "Ntumba za Kasesya zinajengwa forodhani!"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Shemeji hakuwatazama waliocheka. Alinitazama mimi, bila kupepesa, hadi kicheko kilipoisha.

Mwenyekiti aliandika kwamba shamba ni la mjane, na asiyeridhika aende baraza la kata. Nilipotia saini, kalamu ilitoboa karatasi.

Shemeji hakwenda kata. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mtu anayekata rufaa anatumia karatasi. Huyu sikujua atatumia nini. Niliacha kupita njia ya mtoni. Niliweka ndoo mbili za maji mlangoni, na kila jioni nilihakikisha zimejaa. Kijitabu na daftari nilivipeleka kwa dada yangu anayeishi Katandala, mjini, ili kitu fulani kisiungue.

Novemba mjane aliniita nimsaidie kuvunja ntumba. Nilitamani kumwambia naumwa. Nikaenda. Udongo wa ndani ulikuwa mweusi na laini, majani yake ya Machi yameoza vizuri. Karibu na adhuhuri wingu lilipanda kutoka upande wa ziwa, na ngurumo ya kwanza ikasikika.

"Dada, turudi?" aliuliza.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja."

Pikipiki ilisimama barabarani, injini ikiunguruma. Aliyeipanda alikuwa na kofia ngumu, kioo kimeshushwa. Hakutusalimia.

"Ni yeye?" nilinong'ona.

"Sijui. Usimtazame."

Nilihamia upande wa pili wa ntumba, nikasimama nikiielekea barabara, nikainua jembe. Zilibaki kumi.