Maziwa Yasiyo na Utando

Hadi leo nikiona kopo lenye kibandiko, mkono unaniwasha. Nakibandua hapo hapo dukani, mwenye duka apende asipende. Watu wa Newala wananiita mkorofi. Na waniite.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Duka la ushirika, lililokuwa na chumvi na rafu tupu, lilikuwa limeshafungwa, na jirani yake yakaota maduka ya watu binafsi yenye kila kitu: biskuti, jamu, mafuta ya rangi rangi. Sisi tuliozoea foleni ya sukari tukadhani tumefika peponi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na majirani waliniletea makopo yao niwasomee. Nilijiona mtu, jamani.

Mdogo wangu alifariki kwa uzazi kule Chiungutwa, akaacha kichanga cha kiume cha siku tisa. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, hapana kikao wala mjadala. Mama yangu alimfunga kifuani kwa kanga, akapanda lori la korosho, akaniletea. "Mwanao huyu," akasema, akanikabidhi.

Nilinunua maziwa ya kopo. Kopo lilikuwa na picha ya ng'ombe, na ubavuni kibandiko cheupe kilichopigwa chapa kwa Kiswahili safi: MAZIWA BORA KWA MTOTO. Chini yake kulikuwa na tarehe ya mwisho ya kutumia, bado mbali kabisa. Nilisoma, nikaridhika.

Mama alikoroga ule unga, akauchemsha, akauepua, akakaa kuutazama. Ujanani alikuwa mpishi wa wamisionari kule Masasi waliofuga ng'ombe, kwa hiyo maziwa aliyajua kuliko wengi wetu wa huku juu Newala.

"Mbona hayafanyi utando?" akauliza. "Maziwa yakipoa lazima yavae utando. Haya maji meupe tu."

"Mama, imeandikwa," nikamwambia. Nikamwonyesha kibandiko kwa kidole, neno kwa neno, kama ninavyofanya darasa la kwanza. Mama yangu hakujua kusoma, na siku ile nilihakikisha analikumbuka hilo. Akamnywesha mtoto.

Mtoto alikunywa kwa uchu na akazidi kukonda. Nami nikazidisha vijiko! Wiki ya tano miguu ilivimba, sauti ikawa ya kukwaruza, tukamkimbiza hospitali. Nesi aliuliza anakula nini. Nikampa kopo kwa kujiamini, mtu aliyefanya kila kitu sawasawa. Akalitia kwenye beseni la maji ya moto, kibandiko kikatoka kizima kizima. Chini yake kulikuwa na Kiingereza, nikakisoma mwenyewe: unga wa kutia weupe kwenye kahawa, hauna maziwa, mtoto mchanga asipewe. Na tarehe yenyewe ilishapita zamani.

Kiingereza ndilo somo nililokuwa nafundisha.

Siku mbili baadaye tulimzika.

Nilitoka matangani nikaenda moja kwa moja dukani. "Shikamoo, mwalimu," mwenye duka akasema, kijana mwenye adabu zake. Sikuitikia. Nilimwekea kopo mezani. Akalitazama, akasema yeye naye ameletewa hivyo hivyo kutoka Masasi. "Halafu, mwalimu, si ni wewe uliyesoma?" Mungu anisamehe, nilitamani kumtwanga na lile kopo.

Nikaenda kwa Bwana Afya wa wilaya. Alikuwa na meza, mhuri na baiskeli isiyo na tairi la nyuma. Akanieleza kwa upole kwamba kazi yake ni kukagua vyoo na machinjio. Kopo likitiliwa shaka, sampuli sharti iende Dar es Salaam, na gari hana. Niandike barua. Nikaandika mbili. Na makopo yakaendelea kukaa rafuni, ng'ombe wake akiwatazama akina mama! Nchi gani hii? Ruksa kuleta, ruksa kubandika, ruksa kuzika, na wa kukagua hana tairi.

Siku ya gulio nilibeba jiko la mkaa, mama akinifuata na sufuria, hadi kwenye baraza la lile duka, nikanunua kopo, nikaanza kuwasomea wanawake maandishi ya chini ya kibandiko. Waliniitikia kwa heshima tu. Walishazoea kunisikia nikisoma, na nilishawasomea mengi.

"Usiwasomee," mama akaniambia. "Wachemshie."

Akanipokonya kijiko. Alichemsha, akaepua, akasubiri, nao wakasogea. Yalipopoa akapitisha kijiko juu, akakiinua kitupu mbele yao. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alishika kichwa, akakimbilia kwake, akarudi na kopo lake. Nilikumbuka hilo kopo. Mimi ndiye niliyemsomea.

Mwenye duka aliyaondoa makopo jioni ile. Mwezi uliofuata nilishuka Nanganga nikayakuta kwenye duka la huko, ng'ombe yule yule, kibandiko kipya cha bluu. Nilivibandua vinne kabla hawajanitoa.

Mama aliishi nami miaka mingi baada ya hapo. Alinigombeza kwa mengi: chumvi, ulimi wangu, kuchelewa kanisani. Ila la utando hakuligusa hata mara moja. Nilikuwa nangoja aseme, "Nilikwambia." Kila nilipochemsha maziwa nilingoja.