Mlima wa Bibi Audrey

Neno lilimtoka Waringa mlangoni pa kanisa, Takoma Park, huko ughaibuni, siku Pasta Liévin alipomuuliza kwa nini hayumo kwenye zamu ya kwaya mwezi wa pili.

"Nitakuwa mlimani, Pasta," alijibu, akafunga zipu ya koti na kukimbilia basi.

Hakusema uongo. Mlima ulikuwapo. Ulikuwa Uswisi, katika Alpi, nao ulikuwa na hoteli, na viti vinavyoning'inia kwenye waya kuwapandisha watu hadi juu ili wateleze kwenye theluji mpaka chini, kisha wapandishwe tena. Bibi Audrey, mzee aliyekuwa akimtunza kule Silver Spring, alifundishwa kuteleza huko alipokuwa bi harusi. Sasa alitaka kuuona mlima huo mara ya mwisho, na wanawe walikubali kwa sharti moja: Waringa aende naye.

Lakini katika kanisa lile dogo la Wakongomani, Warundi na Wakenya, mlima ni mmoja tu. Ukisema unakwenda mlimani, unakwenda kufunga, kulala chini, na kulia mbele za Mungu kwa ajili ya wengine. Jumapili iliyofuata wanawake walimkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mmoja alimnong'oneza jina la mumewe, akamwombee huko. Kamande, fundi wa lifti aliyetoka Nyahururu kama yeye, alimwinamia kama anayemwinamia askofu.

"Na baridi hii, Sista! Mungu akushike."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Akatabasamu. Likizo lilikuwa neno la watu wengine. Wao walikuwa na zamu, na kati ya zamu na zamu, usingizi. Angewaambiaje kwamba yeye, mtandika vitanda mwenzao, anakwenda hotelini kutazama theluji? Wangesema Waringa anaringa, na kwa jina lile utani usingekwisha. Akaona heri wamdhanie mtakatifu.

Kazini mipango ilisonga mbele. Meza ya chakula ya Bibi Audrey ilijaa vijitabu vya hoteli, picha za vyumba, na maagizo ya daktari kuhusu hewa nyepesi ya juu.

"Umenichagulia chumba cha wagonjwa," bibi alilalamika.

"Nimekuchagulia chumba ambacho bafu lake halina ngazi."

"Siendi Alpi kuoga, Waringa! Nataka veranda."

"Veranda iko ghorofa ya nne. Pumzi yako inaishia ya pili."

"Basi utanibeba. Na wewe nimekuandikisha kwa mwalimu. Lazima uteleze."

Waringa alicheka kidogo, peke yake. Kanisani mtu akiteleza huitwa mbele akaombewa.

Jumapili ambayo kanisa lilipanga kumuaga, Waringa alikuwa jikoni chini ya kanisa akichemsha chai, Nyandwi alipoingia na kufunga mlango. Nyandwi alikuwa Mrundi, mjane, mfuaji wa nguo katika nyumba ya wazee, mwanamke asiyeomba mtu kitu. Hakusalimia. Aliushika mkono wa Waringa akauweka ubavuni mwa titi lake, juu ya blauzi.

Mkono ulijua kabla ya kichwa. Uvimbe ulikuwa mgumu, haukusogea.

"Tangu lini?"

"Mbele ya Noeli."

"Umeonyesha daktari?"

"Nilionyesha. Wakakata kipande, wakapima. Ni ile ugonjwa." Hakuitaja. "Walitaka kunipasua. Nikawaambia wangoje."

"Wangoje nini, Nyandwi?"

"Weye, Mama Waringa. Niko nangoja ushuke."

Sufuria ilifurika, chai ikamwagika juu ya moto. Waringa hakuigusa. Juu yao viti vilikuwa vinaburutwa. Watu walikuwa wanatengeneza nafasi ya kumwekea mikono.

"Sikiliza. Ule mlima una hoteli."

"Mtu anaweza kufunga hata ndani ya hoteli."

"Sifungi. Nitakula asubuhi, mchana na jioni. Sikuwahi kusema nafunga, mlisema nyinyi. Mimi naenda kuteleza!"

Nyandwi aliuachia mkono. Uso wake ulijikunja polepole.

"Kuteleza? Na mwanaume wa nani?"

"Mwanaume gani? Na bibi wa miaka themanini!"

Kwa nukta moja wote wawili walikaribia kucheka. Waringa akaiwahi nafasi ile, akaeleza kila kitu: mbao zinazofungwa miguuni, theluji, zamu ya kwaya, basi, haya yake. Alipomaliza, hakuna aliyekuwa na kicheko tena.

"Kwa hiyo hakuna mtu alikuwa anapanda kwa sababu yangu," Nyandwi alisema. "Mimi nilikuwa nalala usingizi, Mama Waringa. Nilikuwa naambia hii kitu, ngoja tu, yuko anakuja mtu wa kukuweza."

"Nenda upasuliwe. Tafadhali. Nitakuwa nawe."

"Weye? Nilikuamini ukiwa umenyamaza. Sasa umesema, nikuamini namna gani?"

Pasta Liévin aligonga mlango. "Mama Waringa, tuko tayari."

Alipanda ngazi, akasimama mbele ya kiti walichomwekea, na hakukaa. Aliwaambia. Mabomba ya joto yalisikika yakigonga ukutani. Kamande ndiye aliyepasuka kwanza: "Sista! Na mimi nimefunga siku nzima nikikusindikiza!" Wachache wakacheka. Yule aliyenong'ona jina la mumewe hakucheka. Pasta aliangalia chini, akaondoa kiti mwenyewe. Nyandwi alikuwa ameshatoka.

Jumatatu mchana kengele ya Bibi Audrey ililia. Nyandwi alikuwa mlangoni, viatu vimejaa theluji.

"Kiingereza cha hospitali kinanishinda," alisema. "Piga simu weye."

Waringa alimketisha mezani kati ya vijitabu, akapiga. Karani alitafuta, akarudi: nafasi iliyokuwa wazi ni Alhamisi hii, ama mwezi wa tatu.

"Mwezi wa tatu," Nyandwi alisema haraka.

Waringa alifunika simu kwa kiganja. Maneno yote ya kumsihi yalimjia, akaona hana haki ya kuyatumia. "Karani anangoja," alisema tu.

Bibi Audrey, ambaye hakuelewa lugha ila alielewa uso, alimsogezea mgeni picha ya mlima. Watu wadogo wa rangi rangi walikuwa wametawanyika kwenye weupe, mmoja amelala chali, miguu juu.

"Huyu amekufa?" Nyandwi aliuliza.

Waringa akatafsiri. Bibi akacheka. "Mwambie kila mtu huanguka. Mimi nililia siku ya kwanza. Nilitaka kurudi chini kwa miguu, lakini njia ilikuwa moja."

Nyandwi aliisikiliza tafsiri bila kuinua macho. Kwenye simu karani alikuwa akiita, halo, halo. Kidole cha Nyandwi kilimfuata mtu mmoja kutoka juu, taratibu, mpaka ukingo wa karatasi.

"Utakuwa mle ndani nikiamka?"

"Nitakuwa. Safari ni wiki ijayo."

"Na kama unasema uongo?"

"Utaniona mwenyewe kama sipo."

Nyandwi aliisukuma picha mbali.

"Mwambie Alhamisi."