Nilijiita Mwenye Haki Mbele ya Dada Yangu

Nimekosa, tena kwa akili zangu timamu. Simsingizii shetani. Nilikuwa mzee wa kanisa huku Newala, nasoma somo karibu kila Jumapili, na nililipenda mno neno "mwenye haki". Kila nilipolitamka mbele ya waumini nilijiona natajwa mimi.

Mjomba wetu aliacha mikorosho Chilangala. Kwetu mali ya mjomba humwangukia mpwa wa kiume, yaani mimi. Lakini miaka ile korosho ilikuwa haina maana, ukungu unakausha maua, nikakimbilia mjini kushona nguo. Aliyebaki shambani ni dada yangu mkubwa, Mama Agnesi, mjane. Alipalilia na kupogolea peke yake miaka yote hiyo. Sikuwahi kumpelekea hata panga.

Serikali ilipofungua biashara ya korosho, wanunuzi binafsi wakaanza kufika na malori yao hadi vijijini. Ndipo nikakumbuka kwamba nina shamba.

Dada alinisihi, "Mdogo wangu, tugawane basi. Mimi nitakwenda wapi?"

Nikamshitaki kwa wazee wa kijiji. Nilivaa shati langu la kanisani, nikasimama nikasema, "Mimi ndiye mwenye haki." Wakanipa. Nikamfukuza shambani, hata kibanda chake nikakichukua, na Jumapili ile nikasoma somo kama kawaida, roho hainisuti hata kidogo.

Baada ya ibada padri aliniita pembeni. "Mzee, haki ya barazani umeipata. Haki tunayoihubiri humu hatuipati kwa kushinda kesi. Mungu anatupa bure, sisi tusiostahili. Sasa wewe uliyepewa bure unamfukuzaje mjane?"

Nilimkasirikia. Nilidhani dada ameshakwenda kumlilia.

Mwaka uliofuata nikasikia dada amelazwa hospitali ya Mkomaindo. Nikaenda Masasi na machungwa yangu mkononi.

"Shikamoo dada."

Kimya. "Shikamoo dada, ni mimi." Akageukia ukutani. Nilipiga magoti pale sakafuni, wagonjwa wanatazama, nikamwambia shamba lote ni lake, anisamehe tu.

Binti yake Agnesi akanishika mkono, akanitoa nje. "Mjomba, mama amesema usimkasirikie. Haki zote ulimnyang'anya, ameona abaki na hii moja ya kutokuitikia."

Alifariki siku ya tatu.

Shamba nimempa Agnesi. Amelipokea, ila haji kwangu. Kusoma somo nimeacha, na kusali nashindwa. Padri ananiambia Mungu ameshanisamehe. Labda. Lakini mimi nilitaka dada aniambie marahaba, na hakuna mtu mwingine duniani wa kunipa hiyo.

Wewe unayegombea shamba na ndugu yako, na kila ukihesabu unajiona haki iko upande wako, nakuomba uache kuhesabu. Nenda kamwamkie leo, angali anaitikia.