Kaka Yangu Analinganisha Ini la Mama na Ndama Aliyechomwa

Admin, ficha jina langu. Kaka hasomi kurasa hizi, lakini majirani husoma. Nina miaka arobaini na mitatu, ni mwalimu wa biolojia, nimeolewa Sotik.

Mama ana saratani ya ini. Haiwezi kupasuliwa, kwa kuwa ini lenyewe limekakamaa na halitastahimili kisu. Daktari alipendekeza sindano ndefu ipenyezwe kupitia ngozi hadi kwenye uvimbe, ncha yake ipate moto na kuuchoma papo hapo. Alionya jambo moja: uvimbe ukizidi kipimo fulani, sindano haitatosha.

Kaka, mchuuzi wa ng'ombe kule Siongiroi, ndiye kifungua mimba, na neno lake hufunga kikao. Nilipomaliza kueleza kwenye kikao cha familia, alicheka.

"Mnakumbuka yule ndama wa Baba? Alivimba shingo, tukamchoma na chuma moto. Si alikufa? Sasa huyu anataka kuchoma Mama!"

Ndama yule aliuawa na ugonjwa wa kupe. Uvimbe wa shingo ulikuwa dalili tu. Nilimwambia hivyo.

"Wewe mwalimu, ng'ombe zako za mahari tulishakula. Enda ufundishe watu wa bwana yako."

Wadogo zangu wakaangua kicheko. Kesho yake alipiga simu hospitalini, akafuta miadi ya Mama ya sindano.

Sijifanyi kumpenda. Kukadiria fahali kwa kumtazama mgongo si elimu ya kukadiria ini la mama yangu.

Miezi miwili imepita. Picha mpya inaonyesha uvimbe umekua, ila haujavuka kile kipimo. Nafasi ya sindano ingalipo, Jumanne ijayo, na daktari haahidi nyingine. Nilimweleza Mama kila kitu, hatari na hoja za kaka zikiwemo. Aliuliza maswali matatu, yote ya maana kuliko kikao kizima cha wanawe. Kisha akasema:

"Nipeleke. Lakini usiseme nilikubali. Sema ulinilazimisha, nisikosane na kijana yangu."

Fomu atatia sahihi yeye mwenyewe, nami ndiye nitakayebeba lawama. Akipona, nitaitwa mkaidi. Akifa, nitaitwa muuaji, na hawataniruhusu hata kutupa udongo kaburini.

Msinihubirie msamaha, sikuuliza hilo. Jumanne tunaondoka. Ninachouliza ni hiki: niutunze uongo wa Mama hata nikifukuzwa kwenye mazishi yake, au nimwambie kaka usoni kwamba mama yake alimsikiliza, akapima, akamkataa? Nishaurini, nifanye lipi?