Siku Viti vya Namono Vilipotolewa Nje

Saa tatu asubuhi, jua la Januari limeshachomoza juu ya mlima Wanale, na Siraje Kirunda amesimama mlangoni mwa nyumba moja ya Nabuyonga, mjini Mbale, mikono yake ikiwa juu ya mgongo wa kiti cha mahameli ya kijani. Hakisukumi wala hakivuti. Anangoja mwenye nyumba aseme neno.

Mwenye nyumba ni Namono. Ameikumbatia leso yake kifuani, macho yake yako uani, na ua umefagiliwa vizuri tangu alfajiri.

"Mama, bila jua mimi siwezi," Siraje anamwambia kwa upole. "Nikiosha humu ndani vitazidi kuoza. Afadhali nirudi kwetu Jinja."

"Nasikia, fundi. Lakini hii kiti haijatoka inje tangu bwana yangu aende."

Sehemu hizi viti vya sebuleni havitolewi nje ovyo. Mtu akifa, kazi ya kwanza ni kuvitoa uani, maiti apate pa kulazwa na waombolezaji wapate pa kukaa chini. Apitaye njiani akaona viti nje hana haja ya kuuliza. Anageuka kwenda kutafuta kuni za kupeleka msibani.

Sasa hebu ifikirie kazi ya Siraje. Yeye ni fundi wa kusafisha makochi, na riziki yake ni kutoa viti vya watu nje, mchana kweupe, siku tatu mfululizo.

"Mwaka wa kwanza nilipigwa," anasema huku akicheka. "Ilikuwa kule Kimaka, Jinja. Mama mkwe wa mwenye nyumba aliviona viti kutoka barabarani, akaja analia, akajitupa chini. Kumbe mkwewe yuko ndani anakunywa chai! Walinifukuza kwa fimbo zangu mwenyewe, hizi za kukung'utia vumbi."

Tangu siku ile, kiti cha kwanza kikitoka tu, Siraje hukiwekea ndoo na brashi juu yake. Watu wa Jinja wameshajua: ukiona ndoo, hapo ni usafi, hakuna aliyekufa.

Ana miaka hamsini na minne na watoto saba. Hatumii dawa ya dukani hata tone. Ufundi wake aliupata katika miaka ile ya taabu ya utawala wa kijeshi, sabuni ilipokuwa bidhaa ya magendo na watu wakafulia majani ya mpapai. Hadi leo huyatwanga majani hayo kinuni mpaka yatoe povu. Doa la mafuta hulinyunyizia jivu lililochekechwa, kutu huipaka ndimu, na ndani ya sufi hutia majani makavu ya mwarobaini ili kunguni wahame. Kazi iliyobaki ni ya jua.

Seti nzima hutoza shilingi elfu mbili. Akiitwa mbali kama hivi, nauli humeza karibu nusu yake.

Lakini desturi yake inayosemwa zaidi Jinja ni hii: maji ya kwanza ya kiti hayamwagi mferejini. Huchimba shimo, akayamimina, akalifukia. Mwaka jana walipita wageni wa shirika fulani wakampongeza kwa kuulinda mto.

"Niliwaambia asanteni," anasema. "Lakini kusema kweli sikuwa nikifikiria mto. Mimi niliogopa tu."

Mwaka 1977 askari walimfuata kibandani kwake wakampeleka kwenye ofisi ambayo mpaka leo hataki kuitaja. Humo mlikuwa na viti sita. "Fundi, osha," afande mmoja alimwambia, "lakini usitoe inje." Aliosha mpaka jioni, madirisha yamefungwa, na askari wakawa wanayamwaga maji mferejini ndoo baada ya ndoo. Mfereji ule ulipita mbele ya nyumba yake.

"Nilipofika nyumbani, maji yalikuwa yameshanitangulia," anasema. "Wanangu walikuwa wanachezea humo, wanaendesha majani ya ndizi kama mashua."

Hakuuliza viti vile walikalishwa akina nani. Anasema jambo hilo linamuuma kuliko woga wenyewe.

Namono naye hakupata wa kumuuliza. Mumewe, Wanzala, alikuwa dereva wa lori la kahawa. Aprili 1979, majeshi ya serikali yaliyoshindwa vita yakikimbilia kaskazini, askari watano waliingia uani wakitaka lori na mtu wa kuliendesha. Wanzala alikaa kwenye kiti chake, akafunga kamba za viatu taratibu, akamwambia mkewe asiondoe chakula mezani. Lori lilishika njia ya Soroti.

Imetimia miaka kumi kasoro miezi mitatu. Hakuna kaburi, hakuna barua, na viti havikutoka. Mvua za mwaka jana zilipopenya paa, viliota ukungu hapo hapo sebuleni. Kisha mjukuu wake, Nabalayo, mwenye miaka sita, akaanza kubanwa kifua. Zahanati walisema wazi: ukungu ule usipotoka ndani, mtoto hatafika mbali. Ndipo mama yake Nabalayo, Nafuna, ambaye ni mwalimu huko Budondo, karibu na Jinja, akamtuma Siraje.

"Kama natoa hii viti, mimi ndiyo naua bwana yangu," Namono anasema akiwa amesimama pale mlangoni. "Kama sitoi, naua mtoto."

Kutoka chumbani Nabalayo anakohoa. Ni kikohozi kirefu, chenye mluzi mwishoni. Namono anasikiliza mpaka kinyamaze, kisha anaondoka mlangoni na kumpisha fundi.

Viti vinatoka, vitano. Siraje anatua ndoo yake juu ya kile cha Wanzala, na brashi juu ya ndoo. Lakini Mbale si Jinja. Jirani mmoja, Khainza, anayepita na debe la maji kichwani, anasimama ghafla. Analitua debe. Anavihesabu viti kwa macho, kimoja kimoja. Nyuma yake wanaume wawili wanavua kofia.

Siraje anafungua kinywa awaeleze kama alivyozoea. Kabla hajatamka, Namono anakwenda pale kwenye kiti, anaishika ndoo, anaitua chini kando ya ukuta. Halafu anakaa ardhini, miguu ameinyoosha mbele, kama wakaavyo wafiwa.

Khainza anapiga yowe.

Kufikia adhuhuri kuni zimerundikana uani, na watu wamezidi arobaini. Hakuna anayeuliza maiti yuko wapi. Wanawake wanamshika Namono mabega, naye analia kilio cha miaka kumi, kikavu mwanzoni, kisha machozi yanakuja. Siraje amevua viatu vyake kwa heshima na anaendelea kukung'uta, kupaka jivu, kusugua. Anaogopa kuendelea, na kuacha pia anaogopa.

Siku ya tatu viti vinne vimekauka na vinanukia ndimu. Cha tano, cha Wanzala, bado.

Siraje ameitoa sufi yote akaichambua, akaianika juu ya mkeka, akairudisha. Asubuhi amekuta mahali pa kukalia pamebonyea tena, na mahameli yamelowa. "Springi zimechoka," anasema kwanza. Baadaye, sauti ameishusha, anaongeza: "Nimefanya kazi hii miaka kumi na mitano. Katika jua hili sufi haishiki maji siku tatu. Tena nusa hapa."

Ni dizeli, kidogo sana, kama nguo ya dereva iliyotundikwa nyuma ya mlango. Fundi hakuitumia, wala haimo ndani ya nyumba ile.

Wanaume wanakaa juu ya matofali na magogo. Kiti kipo katikati yao, karibu na moto, na hakuna anayekigusa. Hakuna aliyewakataza.

Leo ni siku ya sita. Nabalayo amelala usiku wa tatu bila kukohoa, na asubuhi ameomba uji mara mbili. Wateja wa Jinja wanamngoja Siraje tangu Jumatatu, lakini amemwomba dereva wa basi awafikishie salamu kwamba hatakuja wiki hii.

"Nataka nikiingize ndani kikiwa kikavu, kwa mikono yangu," anasema. "Na wa kwanza kukikalia awe huyu mtoto. Nikiona hivyo, nitapanda basi."

Anainama, anakishika kiti miguu ya mbele ili akivute karibu zaidi na moto. Namono anamwekea mkono begani.

"Wacha, fundi. Usimharakishe. Ametoka mbali."