Koti la Bosi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwake hakuna shida isiyotibika kwa kitambaa. Mlango ukipitisha upepo, anaushonea pazia. Meza ikiyumba, anakunja kipande cha jinzi na kukisukuma chini ya mguu. Kingine anachojulikana nacho ni kwamba hafumui. Mshono ukienda upande, anapachika mfuko juu yake na kukuambia huo ndio mtindo wa sasa. Nimekaa naye miaka mingi, na nina magauni yenye mifuko mahali ambapo mkono haufiki.

Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala. Alipofariki alituachia koti lake zito la kazini na mbwa mzee tuliyezoea kumwita Bosi. Shangazi alisema waziwazi kwamba mbwa huyo hampendi. Lakini ndiye aliyemwekea chakula, na ndiye aliyesimamisha cherehani kila Bosi alipokwenda kukaa getini jioni kumsubiri mtu ambaye hatarudi.

Mwenye nyumba hakutaka mbwa ndani, kwa hiyo Bosi alilala kwenye kibanda uani. Baridi ilipoingia mwaka huo, pamoja na manyunyu ya kila asubuhi, miguu yake ya nyuma ikaanza kukakamaa. Shangazi akalikata lile koti la marehemu. Sikuamini macho yangu. Akamshonea Bosi koti lenye bitana na vifungo, na kwa masalio ya vitambaa akamshonea godoro. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu, wakauliza harusi ya Bosi ni lini.

Haukupita muda Bosi akawa anatetemeka ndani ya suti yake na chakula hagusi. Shangazi akaongeza tabaka. Hali ikazidi kuwa mbaya, naye akaongeza jingine, na blanketi juu ya godoro. Asubuhi moja tulimkuta amelala nje juu ya saruji tupu, hawezi hata kuinua kichwa tunapomwita. Nilijua tunampoteza. Shangazi naye alijua, maana aliigombeza sufuria ambayo haikuwa na kosa lolote.

Seremala wa ng'ambo ya barabara alikuja kuchukua suruali yake, akatukuta katika hali hiyo. Hakucheka. Alipenyeza mkono chini ya godoro, kisha chini ya koti, akautoa umelowa.

"Dada, nguo inakunywa maji," alisema taratibu. "Huyu umemvika baridi. Mvue."

Shangazi akamjibu kwamba yeye ashughulike na mbao zake. Akamkabidhi suruali bila kuikunja, jambo ambalo kwake ni tusi, akaingia ndani. Nikadhani amesusa. Alitoka na wembe. Akapiga magoti uani, akaanza kulifumua koti uzi baada ya uzi, akilia bila kujificha. Mimi nilimkausha Bosi kwa taulo, nikamlaza ndani karibu na jiko. Kuhusu mwenye nyumba, tulikubaliana kwamba hajaona kitu.

Mchana seremala alirudi na mbao. Kibanda kilikuwa kimekaa chini moja kwa moja, akakinyanyua kwa miguu mifupi. Akaupunguza mlango hadi ukabaki wa kumtosha Bosi tu, akakigeuza kibanda kielekee ukutani ili upepo usiingie. Ndani tukajaza nyasi kavu, akatuambia zikilowa tuzibadilishe. Shangazi akauliza kama kweli hakuna hata mahali pa kipazia. Akaruhusiwa gunia moja mlangoni, akalikunja pindo kwa uangalifu utadhani ni la sebuleni.

Bosi aliingia, akajizungusha, akajikunja. Kesho yake alikula nusu bakuli. Juma lililofuata alimbwekea seremala, naye akasema hayo ndiyo malipo.

Vipande vya koti Shangazi alivianika, akavipiga pasi, akaviunga upya, safari hii kwa vipimo vyake mwenyewe. Mishono inaonekana kila mahali, na hakuficha hata mmoja kwa mfuko. Ndilo analovaa alfajiri akienda kukagua nyasi. Siku ya kwanza Bosi alipoliona likitokea mlangoni, alitoka kibandani kwa miguu yake mwenyewe, mkia ukigonga mbao, akaja kuegemeza kichwa kwenye lile koti. Shangazi alisimama pale hadi chai yake ikapoa, akimkuna masikio mbwa asiyempenda.