Nilimkaribisha Jeshini kwa Kofi, Naye Akasema Asante

Kabla hujanihurumia, jua kwamba mkosaji ni mimi. Si shetani, si pombe, si amri ya mkubwa. Siku ile sikuwa nimeonja hata tone, na amri niliyopewa ilikuwa ya kunizuia. Nilifanya kwa mkono wangu huu, mchana kweupe, huku nacheka!

Mimi ni askari wa miguu. Kambi yetu iko upande wa Jinja, mengine msiniulize. Nimezaliwa mjini hapohapo, nyumba ya Wanubi, wajukuu wa askari wa wakoloni. Babu alikuwa askari, baba alikuwa askari. Kiswahili majirani zetu walikuwa wanakiogopa, wakisema ni lugha ya bunduki, lakini kwetu ndicho tulichoombea chumvi mezani. Nilikuwa naringa nacho. Nilikuwa naringa na mengi.

Ngoja nikueleze mtu anavyoingia kikosini, maana raia hawajui. Ukimaliza mafunzo mnapakiwa kwenye lori, mnaletwa mahali ambapo hujui hata choo kiko wapi. Umebeba begi na blanketi. Unashushwa, unasimama, unatazamwa kama mbuzi wa mnadani. Yule anayekupokea, siku hiyo ndiye jeshi lako lote. Akisema keti, unaketi. Akisema bweka, unabweka.

Mimi nilibweka. Waliponipokea mimi walinilaza kwenye tope wakanichapa mikanda, wanaimba "karibu jeshini, karibu nyumbani". Nililia chooni nimejiziba mdomo kwa kofia. Ungedhani mtu aliyeonja hayo atasema, asiyapate mwingine. Wapi! Mimi nilisema, zamu yangu itafika.

Ikafika nikiwa koplo.

Kapteni wetu ni mwanamke, mtu wa Soroti, mpole wa sauti lakini akikutazama unajikuta umefunga vifungo vya shati. Aliniita akaniambia, "Koplo, kesho tunaletewa askari wapya. Nimekuchagua wewe. Waonyeshe pa kulala, pa kuoga, wale chakula cha moto. Yale mambo ya karibu jeshini sitaki kuyasikia. Tumeelewana?"

"Ndiyo, afande."

"Nimekuchagua kwa sababu wanakusikiliza."

Nikapiga saluti. Moyoni nikasema, huyu mama atafanya jeshi kuwa shule ya chekechea.

Lori lilifika Jumamosi, mvua imetoka kunyesha. Kapteni alikuwa ameitwa mkutanoni. Kati ya wale wapya alikuwamo kijana mrefu wa Busiu, kule Mbale, nitamwita Masaba ingawa si jina lake. Wenzake walikuwa wamenywea, yeye anatabasamu. Nilipofika mbele yake akafungua begi, akatoa kifurushi kimefungwa kwa jani la mgomba.

"Afande, hii ni malewa. Mama yangu amesema nimpe mkubwa atakayenipokea."

Malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, yamekaushwa kwa moshi. Wagisu, kabila lake, wanayapika na karanga, na hawampi mtu hivihivi. Mama wa watu alikuwa ameyafunga vizuri. Nikayapokea, nikamrushia lansi koplo mwenzangu. "Shika, tumeletewa kuni!" Wote wakacheka. Masaba pia akacheka, kwa adabu.

Tukawapeleka nyuma ya stoo. Tukawabingirisha kwenye tope, tukawarusha kichura, tukawaimbisha. Kila ukimpiga mtu alitakiwa kujibu, "Asante, afande." Ndiyo sheria tuliyoikuta.

Nikamfikia Masaba. "Wewe Mugisu. Ni kweli nyinyi mnasimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa macho?"

"Ni kweli, afande."

"Wewe ulisimama?"

"Nilisimama. Baba yangu alikuwepo."

Alisema hivyo bila majivuno. Sijui kwa nini maneno hayo yalinichoma. Labda kwa sababu mimi baba yangu hajawahi kuwepo nilipofanya jambo la kumpendeza.

"Basi simama sasa. Ukipepesa, tunaanza upya."

Nikampiga kofi. Hakupepesa. "Asante, afande." Nikampiga jingine. Hakupepesa. Wale wapya kwenye tope wakaanza kuinua vichwa, wanamtazama yeye, si mimi. Na lansi koplo wangu akanong'ona, "Huyu ni mwanaume kweli."

Hapo ndipo hasira iliponipanda, wallahi. Nikakunja kiganja kama bakuli, nikampiga nacho sikioni kwa nguvu zangu zote.

Aliyumba. Hakuanguka. Uzi mwembamba wa damu ukateremka shingoni ukaingia kwenye kola ya sare yake mpya.

"Asante, afande," akasema. Lakini alisema kwa sauti kubwa mno, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Nilijua. Usiniambie sikujua! Mkono ulijua kabla yangu. Nikasema, "Haya, inatosha, nendeni mkaoge," nikaondoka haraka.

Kama ningeishia hapo, dhambi ingekuwa moja. Jumatatu alinifuata kwenye mstari wa uji. "Afande, sikio linalia kama mzinga wa nyuki. Naomba ruhusa niende zahanati."

Zahanati ilikuwa hapo tu, ng'ambo ya uwanja wa kwata. Nikaona watamuuliza imekuwaje, na jibu litamfikia Kapteni. Nikamshika bega kama kaka. "Mdogo wangu, hayo ni maji tu yameingia. Yatatoka yenyewe. Ukianza kukimbilia daktari wiki ya kwanza watakuandika mgonjwa, watakurudisha kwa mama yako. Unataka hivyo?"

"Hapana, afande."

"Basi vumilia."

Akavumilia. Mto wake ukawa na madoa ya usaha, wenzake wakahama vitanda kwa harufu. Homa ikampanda mpaka siku moja akaanguka kwenye kwata, na Kapteni mwenyewe akaja kumtazama.

"Nani amekufanya hivi?"

Nilikuwa nimesimama pale pale. Masaba alinitazama, kisha akatazama mbele. "Niliteleza bafuni, afande."

Kapteni akanigeukia. "Koplo?"

Banange, jamani! Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Mlango ulikuwa wazi. Nami nikasema, "Ni kweli, afande. Niliona mwenyewe akianguka."

Walimpa dawa, homa ikashuka, akarudi kazini. Nikajidanganya kwamba yamekwisha. Halafu siku ya shabaha, tumelala mstarini, risasi zinatoka, mkufunzi akapiga kelele "Baki chini!" kutoka upande wa kushoto. Upande wa sikio lile. Masaba akaona mwenzake wa kulia anajisogeza, akadhani tumeambiwa tuinuke. Akainuka, akasogea mbele ya mstari!

Mkufunzi alimrukia, wakaanguka wote wawili. Risasi ya jirani yake ilipita pale kichwa chake kilipokuwa. Nililiona vumbi lake kwenye ukuta wa shabaha. Mkufunzi akamtukana kwamba ni kiburi, na Masaba akawa anamtazama midomo tu, anajaribu kuelewa anatukanwa nini.

Hapo wakampeleka hospitali kubwa. Ngoma ya sikio ilikuwa imepasuka zamani, na ugonjwa ulikuwa umekula ndani. Daktari akasema huyu hafai tena kwa bunduki. Jeshi la miguu linaishi kwa kusikia. Akaandikiwa kurudi nyumbani, hata jasho la mafunzo halijamkauka vizuri.

Siku ya kuondoka nilikuwa zamu getini. Alikuja na begi lake lilelile. Nikasema sasa atanitemea mate, na niliomba anitemee. Akasema, "Afande, yale malewa ulikula? Mama ataniuliza."

Tulikuwa tumeyatupa jalalani nyuma ya jiko siku ileile.

"Nilikula," nikasema. "Mwambie yalikuwa matamu."

Akafurahi! Akapiga saluti, akavuka barabara. Pikipiki ikampigia honi kutoka kushoto, hakugeuka.

Tangu siku ile nilikuwa naacha chakula sahanini. Mke wangu akadhani nina mwanamke mwingine. Nilipopata likizo nilimdanganya naenda Buwenge kumwona shangazi, nikapanda gari la Mbale. Sikujua naenda kusema nini. Nilinunua sukari na sabuni, kama mtu anayekwenda kuposa.

Nyumba yao Busiu si ngumu kuipata, kila mtu anamjua "yule kijana aliyekuwa askari". Mama yake alikuwa anapukuchua mahindi uani. Ni mama mwembamba, aliwahi kuuza ndizi kwa Wakenya mpakani, kwa hiyo Kiswahili anacho. Nilipojitambulisha kwamba nilikuwa koplo wa mwanawe, akasimama akapiga vigelegele!

"Mulembe, mulembe! Karibu! Mkubwa wa mtoto wangu amekuja!" Akaniletea maji ya kunawa. Akaniletea kiti kutoka ndani, yeye akakaa kwenye mkeka. Majirani wakaitwa wanione. Kuku akakamatwa nikiwa nakataa. "Nyamaza wewe, mgeni hachagui," akasema. "Wewe ulimpokea wangu, sasa mimi nakupokea wewe."

Kisha akamwita Masaba, aliyekuwa ametugeuzia mgongo akifunga mbuzi. Akaita mara ya kwanza, akaita tena. Ikabidi mtoto wa jirani aende kumgusa. Mama akanigeukia, anaona haya kwa niaba ya mwanawe. "Maji ya bafuni yaliharibu sikio. Alikwenda kutafuta kazi ya ulinzi Mbale mjini, wakamjaribu, wakamkataa."

Masaba aliponiona alisimama wima kama yuko kwenye gwaride. Katika ua wa mama yake!

Chakula kikaja. Matoke, kuku, na malewa kwenye mchuzi wa karanga. Mama akafumba macho kuomba. "Mungu, bariki huyu aliyepokea mtoto wangu siku hakuwa na mtu."

Nikasukuma sahani. "Mama, hakuteleza. Ni mimi. Nilimpiga, nikamkataza daktari, nikasema uongo. Na malewa yako niliyatupa."

Masaba akasema polepole, "Mama, nilijua utaumia, ndiyo maana..." Mama akainua mkono kumkatiza.

Hakunipigia kelele. Ningeona afadhali. Alisema, "Hata ng'ombe wa kununua, siku anafika pahali pageni, unampa nyasi kwanza. Unampa maji. Unamwacha azoee harufu ya boma. Wewe, mtoto wa mtu, ulishindwa?"

Nikaitazama ile sahani.

"Kula," akasema. "Chakula nimeshapika, sitamwaga. Ukimaliza, uende uwaambie wakubwa wako yale umeniambia. Mimi sina jela. Na usirudi hapa kabla hujasema."

Nilikula. Nilikula yote, na Masaba akakaa kando yangu, upande ambao sikio lake bado linasikia.

Nilirudi Jinja nikaenda moja kwa moja kwa Kapteni. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu. "Siku ile nilipokuuliza, ulinitazama machoni. Ulikuwa unaona nini?"

Nilivuliwa tepe mbele ya gwaride, nikafungwa. Lansi koplo wangu naye akavuliwa zake, na hanisalimii. Anasema nilikwenda kutafuta usingizi wangu nikauza usingizi wake. Baba yangu alikuja kunitembelea kifungoni, akasimama mlangoni. "Sisi sote tulipigwa," akasema. "Nani alikutuma kujifanya mtakatifu?" Akaondoka bila kuketi. Mpaka sasa tunasalimiana tu kama watu wa msikiti mmoja.

Kesi ya Masaba ilifunguliwa upya jeshini, akapewa matibabu. Daktari aliposafisha sikio alisema ningemleta siku zile za mwanzo, huenda lingepona. Siku zile za mwanzo! Siku ambazo nilimshika bega nikamwita mdogo wangu.

Sasa mimi ni askari wa kawaida, nafagia uwanja na wapya. Juzi lori jingine lilifika. Koplo mmoja kijana akaanza kuwapanga nyuma ya stoo, naisikia sauti yake, naijua ilikotoka. Nikaweka ufagio, nikamwambia, "Koplo, waache hawa." Akanitazama mabegani, pasipo kitu. "Wewe ni nani?"

Ni kweli, mimi ni nani? Tepe zangu zingemsimamisha kwa neno moja, na mimi nilizitumia kwa kofi. Nikaenda ofisini kwa Kapteni nikasema. Wale wapya walikula chakula cha moto siku hiyo. Mimi tangu hapo nakula peke yangu, wananiita mdomo wazi. Waniite.

Wewe unayesoma haya, labda huko jeshini, labda shuleni, labda gereji unapokea vijana wa kufundisha kazi: uliyofanyiwa siku yako ya kwanza si deni la mgeni wako. Usimguse. Na kama umeshamgusa, usikae ukipanga maneno. Mchukue mkono mpeleke kwa daktari leo, leo hii, useme mbele ya watu ni wewe. Cheo utavuliwa na utaishi. Mimi ninaishi. Lakini sikio la mtu halioti mara ya pili.